Oili ya Jumamosi

Jumamosi, 1 Machi

Mvua zimeanza. Juzi Alhamisi gari letu lilizima katikati ya mzunguko wa barabara, asubuhi na mapema, binti yangu akiwa kwenye usukani, maana mumewe alikuwa amewahi kazini siku hiyo, na sare yake ya uuguzi imelowa mpaka viatuni. Wapita njia walilisukuma pembeni. Mmoja wao alimwuliza kama gari hilo bado halijapewa barua ya kustaafu. Nadhani swali hilo ndilo lililomkera kuliko mvua.

Leo mezani alitoa hukumu.

"Mama, nisikilize vizuri. Likizima tena njiani kabla mvua hazijaisha, tunaliuza. Sitaki mjadala."

"Tunamwuzia nani?"

"Unamjua."

Ninamjua. Ni muuza vipuri wa mtaa wa nyuma. Watu humwita Tai, kwa kuwa hununua magari yaliyokufa na kuyachambua mpaka ibaki mifupa. Kila akipita mbele ya geti letu hupunguza mwendo na kuliamkia gari: "Shikamoo, bibi!" Mimi humwitikia kwa niaba yake.

Fundi alikuta maji yameingia kwenye nyaya za plagi, akazikausha, akaziziba. Basi. Gari la miaka ishirini na mitatu haliwezi kuhukumiwa kwa kulowa siku moja. Tulilinunua mimi na marehemu mume wangu binti alipoingia sekondari. Wakati huo lilikuwa jeupe. Mita yake leo inasoma kilomita 298,640, na mlango wake wa nyuma wa kushoto hufunguka kwa nje tu, kwa hiyo anayekaa upande huo hukaa mpaka akumbukwe.

Ninaandika haya kwa sababu jambo hili si dogo kwangu. Dada yangu yuko upande wa pili wa mji, na huu ni mwaka wa tatu hajatoka kitandani. Kila Jumatano ninakwenda kumsomea gazeti. Kwa basi ni kupanda mawili, kisha kilima ambacho magoti yangu yameshakikataa. Likiondoka gari, nitakuwa mtu wa kungoja hisani ya watu ili nimwone dada yangu.

Jioni, binti alipokuwa anaoga, nilitia oili. Marehemu alikuwa na kanuni yake: kikombe kimoja cha bati kila Jumamosi, kwa sababu injini hii hunywa. Kijiti cha kupimia hakukitumia, nami sikuwahi kujifunza kukisoma. Binti sijamwambia. Akisikia kwamba gari linakunywa oili, hatangoja mvua ziishe.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Gari liliwaka mara ya kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Kwa dada. Alikuwa ameshaegemezwa kwenye mito, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani.

"Nimekusikia tangu kwenye kona ya shule," akasema. "Hilo ekzosi lako linakohoa kuliko mimi."

"Ningelirekebisha, ungejuaje kwamba nakuja?"

"Ndiyo maana nasema usiliguse. Likikohoa pale, namwambia huyu msichana anayenihudumia anikalishe, anifunge kitambaa. Sitaki unikute nimelala kama mzigo."

Nilimsomea kurasa zote, hata matangazo ya viwanja. Anapenda matangazo ya viwanja. Huchagua kimoja kila wiki, akajenga nyumba juu yake kichwani mwake.

Jumamosi, 8 Machi

Kikombe kimoja.

Jumanne, 11 Machi

Leo lazima niandike habari za mkwe wangu.

Ni fundi wa miwani. Hukata na kusugua vioo siku nzima, kisha hurudi nyumbani kimya, mikono imeoshwa. Yeye na binti walihamia hapa mume wangu alipofariki, na kwa muda wote huo sijamsikia akipaza sauti. Ana heshima inayochosha. Kabla ya kukata kona ya ukumbi hukohoa ili nijue anakuja. Nikiwa jikoni, haingii hata akiwa na kiu. Mazungumzo yetu ninayajua kwa moyo:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Kisha kila mtu hutazama ukuta wake. Na mimi siyo kwamba ninamsaidia. Nililelewa kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na umbali huo nimeutunza vizuri.

Asubuhi humpeleka binti hospitalini kwa gari, hulirudisha hapa na kwenda kazini kwa miguu, na jioni humfuata tena. Katikati ya siku gari ni langu. Nimegundua kwamba kila jioni, baada ya kulizima, hubaki nje peke yake kwa muda, kisha huingia akijifuta vidole kimoja kimoja kama aliyeshika uchafu. Nikadhani: huyu analionea kinyaa gari letu.

Leo nimeona zaidi. Amesimama getini na Tai, wananong'ona. Tai alimpa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, yeye akakitia ndani ya koti haraka haraka, akatazama nyuma kuelekea dirishani kwangu. Nilirudi nyuma ya pazia.

Kwa hiyo mipango imeshaanza. Mvua hazijafika hata nusu.

Jumamosi, 15 Machi

Kikombe kimoja. Sikumwitikia Tai alipoliamkia gari.

Jumatano, 19 Machi

Nikiwa njiani kwenda kwa dada, kifuta-kioo cha upande wangu kiling'oka na kuruka kwenye uwanja wa watu. Kilichobaki ni cha upande wa abiria. Niliendesha nikiwa nimeinama kushoto kama mtu anayesikiliza siri, nikatazama barabara kupitia kioo cha abiria ambaye hakuwepo. Polisi mmoja wa barabarani alinisimamisha, akanitazama, akasema, "Shikamoo mama, nenda tu," kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua zaidi.

Kifuta-kioo nilikirudia, mwenye uwanja akanipa pamoja na embe. Gari halikuzima.

Jumapili, 23 Machi

Kioo cha dirisha la nyuma kimezama ndani ya mlango, puu, kama jiwe kisimani. Mvua inaingia. Nimeziba kwa mfuko wa nailoni.

Jumatatu, 24 Machi

Kioo kimepanda. Kinashuka na kupanda vizuri kuliko mwaka jana. Binti atakuwa amemwita fundi. Sikumwuliza, maana sitaki gari litajwe mbele yake hata kwa wema.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeona tone la oili chini ya gari. Matone matatu, kusema kweli, na moja kubwa kama kisosi. Kama inavuja, ina maana inapungua. Leo nimetia kikombe kimoja na nusu.

Nikamwaga mchanga juu ya matone, binti asiyaone.

Jumapili, 30 Machi

Mchanga wangu umeondolewa na kuwekwa mwingine, safi, umesawazishwa kwa ufagio. Mvua haifagii namna hiyo. Binti ameshajua, na ananingoja niseme mwenyewe. Sitasema.

Jumatano, 2 Aprili

Gari linatoa moshi. Moshi wa buluu, mzito. Kwenye taa za barabarani kijana mwenye pikipiki alinigongea dirisha.

"Bibi, unaungua!"

"Siungui mimi. Ni gari."

"Aa, basi sawa," akasema, akaondoka.

Dada alikuwa amefunga pua kwa kanga nilipofika. "Leo umekuja na jiko?" Tukacheka. Lakini nilipokuwa namsomea, nilikuwa nasikiliza nje, kama mzazi aliyemwacha mtoto mgonjwa chumba cha pili.

Ningelipeleka gereji kesho. Tatizo ni kwamba fundi wetu hana breki mdomoni. Binti ndiye aliyemfunga kidonda cha mkono mwaka juzi, na tangu hapo humwona kama daktari wake: kila gari likifika kwake, humpigia simu kumweleza "hali ya mgonjwa". Nikilipeleka asubuhi, mchana Tai yuko getini.

Jumamosi, 5 Aprili

Vikombe viwili.

Jumatano, 9 Aprili

Kwa dada, polepole. Moshi.

Jumamosi, 12 Aprili

Vikombe viwili. Mchanga. Ninaingia kwenye ukumbi nikinuka oili, nakutana na mkwe wangu, harufu ikazidi, nikadhani ni mimi peke yangu ninayenuka. "Shikamoo, mama." "Marahaba."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua usiku kucha. Bustani imekuwa ziwa. Binti kasema mezani, bila kumtazama mtu, "Leo wenzangu kazini wameniuliza kama ninaishi karibu na kiwanda." Mkwe akatazama sahani yake. Nikatazama yangu. Nikamhurumia kidogo, kisha nikakumbuka lile gazeti la Tai.

Jumamosi, 19 Aprili

Vikombe viwili.

Jumatano, 23 Aprili

Sikwenda kwa dada. Niliogopa kilima. Nilimpigia simu nikamwambia nina mafua, naye akasema, "Pole," kwa sauti ndogo sana. Hii ni mara ya kwanza kukosa Jumatano yake.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Nilikuwa nimeamua kutia oili alfajiri badala ya jioni, kwa sababu binti alikuwa na zamu na nilitaka gari lishibe kabla ya safari. Nikatoka kwa mlango wa jikoni na kidumu mkono mmoja, kikombe cha bati mkono mwingine. Mvua ilikuwa manyunyu. Nilipozunguka kona ya nyumba nikaona boneti imefunguliwa, na mtu ameinama ndani mpaka kiunoni.

Nilidhani ni mwizi wa betri. Nikainua kikombe. Sijui nilitaka kumfanya nini kwa kikombe.

Mtu yule akakohoa, kikohozi kile cha ukumbini, akainuka. Alikuwa mkwe wangu, katika nguo za kulalia na koti la mvua, na mkononi ana chupa ya oili imeinamishwa, inamiminika.

"Shikamoo, mama," akasema, huku anaendelea kumimina, kwa kuwa hakujua afanye nini na mkono wake.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Hapo, kwa kawaida, kila mmoja hutazama ukuta wake. Lakini hapakuwa na ukuta. Palikuwa na injini, chupa yake na kidumu changu. Aliona kidumu. Akaona kikombe. Akaisimamisha chupa wima polepole.

"Mama... hiyo ni oili?"

"Ndiyo."

"Ya gari?"

"Ulidhani ya nywele?"

Akakaribia kucheka, akajizuia. Nikamwuliza tangu lini anafanya hivi. Akatazama chini.

"Kupima, mama, tangu baba alipofariki. Nilisema mwenyewe moyoni kwamba nitakuwa naliangalia. Kila jioni nikirudi napima. Siku zote nilikuta imejaa, nikawa nashangaa: gari zee namna hii halipungui oili! Nikasema marehemu alichagua vizuri. Halafu mwezi wa pili kile kijiti cha kupimia kikakatika mkononi mwangu. Nikamwomba yule muuza vipuri anitafutie kingine."

"Akakuletea kimefungwa kwenye gazeti."

Akashtuka. "Mama uliona?"

"Endelea."

"Tangu niweke hicho, kila nikipima naona imepungua. Naongeza. Kesho imepungua tena. Nikaona matone chini, nikajua inavuja, nikazidi kuongeza. Nikaweka mchanga ili mwenzangu asione. Na ule mchanga mwingine nikadhani..."

"Ulikuwa wangu."

Manyunyu yalikuwa yanagonga boneti. Nikamwambia kuhusu kanuni ya marehemu: kikombe cha Jumamosi, kisha kimoja na nusu, kisha viwili. Nilimwona akihesabu kwa midomo. Alichomoa kijiti chake kipya, akakilinganisha na vipande viwili vya kile cha zamani alivyokuwa amevihifadhi mfukoni mwa koti, akiviunganisha. Kipya kilikuwa kifupi kwa upana wa vidole viwili. Cha gari jingine kabisa. Hakikuwa kinaifikia oili vizuri, hata ilipokuwa imejaa sawasawa.

"Mama," akasema taratibu, "tumelizamisha."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya darasani, ile ya miaka yangu ya kufundisha Kiswahili, sikuweza kuizuia.

"Ningesemaje, mama? Nikuambie gari lako halina oili, maana yake hulitunzi? Nisingeweza." Akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Na mwenzangu nisingeweza kumwambia, angeliuza. Wewe ungeendaje kwa mama mkubwa?"

Mama mkubwa ni dada yangu. Sikujua kwamba anazifahamu Jumatano zangu. Nikamwuliza kuhusu kioo cha dirisha. Akasema ndiyo, ni yeye. Nikamwuliza kifuta-kioo. Alikuwa amekikaza kwa waya, nami nilidhani nimekikaza vizuri mwenyewe.

Wakati huo binti akatoka na sare yake na mwavuli, akatukuta tumesimama pande mbili za injini, mimi na kidumu, mumewe na chupa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Gari halitaondoka leo. Limeshiba."

Alikwenda kazini kwa teksi. Fundi alikuja mwenyewe, akalala chini ya gari, akafungua nati. Oili ilijaza karai moja, ikajaza la pili, na bado ilikuwa inakuja.

"Mama," akasema kutoka chini, "hii gari mlikuwa mnataka kuiendesha au kuikaangia?"

Nimeacha kumsahihisha fundi Kiswahili chake miaka mingi iliyopita. Alituambia kwamba oili ikizidi hupigwa kama mayai, hutoa povu, ikatafuta pa kutokea: mipira ya kuzuia oili imepasuka na nyingine imeungua kupitia ekzosi. Injini itabidi ishushwe. Kabla hajafuta mikono alikuwa ameshachukua simu kumpigia daktari wake.

Jumapili, 27 Aprili

Kikao mezani. Binti hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Basi," akasema. "Tumejaribu. Gari liko gereji, injini iko chini. Halikuzima njiani, nakubali, lakini limefika mwisho. Nitampigia Tai kesho."

Nilikuwa mkosaji, na mkosaji hana la kutetea. Nikaanza kupanga kichwani ni nani nitamwomba anipeleke kwa dada, na mara ngapi kwa mwezi ninaweza kuomba bila kuchosha.

Ndipo mkwe wangu akakohoa. Nikatazama mlangoni, nikidhani kuna mtu anakuja. Alikuwa anataka kusema.

"Usimpigie," akamwambia mkewe.

"Umesemaje?"

"Nimesema usimpigie." Masikio yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anaongea na kikapu cha mkate. "Gari halina kosa. Wenye kosa ni mimi na mama. Tumelimiminia oili wiki hizi zote mpaka linaitoa puani. Limepasuka mipira, linatoa moshi, halioni mbele. Na je, katika wiki hizo kuna siku hata moja lilikuchelewesha kazini? Moja? Wewe ungenyweshwa vile ungefika hata getini?"

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo kwa pamoja. Binti alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akaweka uso kwenye viganja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka mabega yanaruka, na machozi yakaja baadaye.

"Mimi nimeishi miaka tisa," akasema alipopata pumzi, "na watu wawili wanaosalimiana kama wako mahakamani. Neno moja! Mngeambiana neno moja tu, 'nimetia oili', haya yote yasingekuwepo." Akajifuta macho. "Sawa. Litengenezwe. Lakini kila Jumamosi mtafungua hiyo boneti pamoja, wote wawili, na mtazungumza. Siku nikisikia kimya huko nje, nampigia Tai."

Jumatano, 30 Aprili

Gari bado gereji. Nimekwenda kwa dada kwa mabasi mawili na kilima. Nilipoingia alikuwa amelala ubavuni, kichwa wazi, mkono umening'inia. Alifumbua macho akaona aibu.

"Sikukusikia," akasema. "Nilijua huji."

Nilimfunga kitambaa mwenyewe. Magoti yangu yamevimba, ninaandika haya yakiwa kwenye beseni la maji ya moto.

Alhamisi, 8 Mei

Limerudi. Halitoi moshi. Fundi ameweka kijiti halali cha gari hili hili, na amekichorea alama nyekundu mbili, moja yangu na moja ya mkwe wangu, kama alivyosema.

Jumamosi, 10 Mei

Tumefungua boneti pamoja. "Imejaa, mama." "Naona." "Basi, mama." "Basi." Binti aligonga kioo cha dirisha lake. Tukazungumzia mawingu.

Jumatano, 14 Mei

Kwa dada. Alikuwa amekaa, kitambaa kichwani, ameshachagua kiwanja. Wakati wa kurudi niliona mita inasoma 300,011. Laki tatu ilipita mahali fulani kwenye kilima, nami nilikuwa natazama barabara, kama inavyotakiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Jua siku ya tano mfululizo. Mvua zimeisha.

Tulipima oili, ikawa sawa. Nikamwambia mkwe wangu kwamba gari linatoa mlio mpya upande wa mbele kulia, na kwamba ni breki.

"Si breki, mama. Ni beringi."

"Breki."

"Mama, beringi huvuma. Huu unavuma."

"Nimeendesha gari hili kabla wewe hujaota ndevu. Unasaga. Kinachosaga ni breki."

"Huusikii vizuri kwa sababu unaongeza sauti ya redio!"

"Redio haifanyi kazi tangu mwaka juzi!"

"Basi unaimba, mama! Unaimba unapoendesha, nimekusikia, na ukiimba husikii kitu!"

Akajishika mdomo. Nadhani alitegemea ardhi ipasuke. Nikamwambia kwamba ninaimba vizuri kuliko anavyopima oili. Akasema hilo halina uhusiano wowote na beringi. Nikamwambia alete jeki. Akaleta jeki. Tukanyanyua gurudumu, akalizungusha, nikasikiliza, akasikiliza, kila mmoja akasikia alichokitaka.

Binti akafungua dirisha. "Kuna nini huko nje? Majirani wanatoka!"

"Hakuna kitu!" tukamjibu wote kwa pamoja.

Akatukumbusha kwamba chai iko mezani. Mkwe wangu akasema, "Tangulia, mama," nikasema siendi popote mpaka akubali kwamba ni breki, naye akakaa juu ya tairi la akiba, akakunja mikono kifuani, akasema hata yeye haendi popote.

Chai ikapoa.